Mpango wa Simu wa Chausiku

Chausiku wa Bigwa hakuwahi kuisamehe simu ya siku aliyokufa baba yake. Mjomba Stambuli alimpigia akamwambia, "Baba yako anaumwa, njoo." Akanunua maziwa, akanunua machungwa ya mgonjwa, akapanda hadi kijijini kwao, milimani juu ya Mzinga, akakuta watu wameshika majembe ya kaburi. Ndiyo desturi yetu hiyo: msiba hausemwi kwenye simu, mtu asije akaanguka njiani. Huruma gani ya kumbebesha mtu machungwa ya marehemu!

Mwaka ambao mvua zilibomoa njia ya mlimani, akaona imetosha. Akaita ndugu wote, akabandika karatasi ya manila ukutani: nani ampigie nani, jirani yupi atafutwe simu ikizima, gari la kukodi la Abel kwa safari ya hospitali. Chini kabisa akaandika kwa wino mwekundu: "Habari isemwe kama ilivyo. Anayeumwa anaumwa, aliyekufa amekufa." Mjomba Stambuli, kaka wa mama yao na msemaji wa ukoo, akala pilau akashiba, akasema mpango ni mzuri sana.

Haikupita miezi mitatu, mtoto wa mdogo wake Zuleha akafariki. Mjomba akapiga simu: "Mtoto ana homa kidogo, njoo."

Chausiku alimvaa palepale msibani. "Mjomba, si tulikubaliana?"

"Mwanangu, ningekwambiaje? Ungeanguka."

Basi, kuanzia siku hiyo imani ikamwisha. Mpango ukabaki mapambo ya ukuta.

Alhamisi moja asubuhi, anachoma vitumbua, simu ikaita. Mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako anaumwa. Njoo na gari, upesi."

"Mjomba, nakuomba kwa jina la Mungu, niambie kweli. Mama yupo?"

"Yupo, mwanangu. Kifua kimembana. Njoo."

Sauti ileile, maneno yaleyale. Chausiku akaitupa simu kitandani, akajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio. Vitumbua vikaungua. Majirani wakajaa uani, wakaanza kutandika mikeka. Zuleha akafika analia. Kaka yao Halidi akapigiwa simu huko mbali Kisaki, akaambiwa mama ametutoka, akaomba asubiriwe ili waende kuzika pamoja. Nani angemnyima mtu haki ya kumzika mama yake? Wakamsubiri. Gari la Abel likakaa uani kwa Chausiku zaidi ya saa sita, ilhali kijijini si mbali hata kidogo.

Mjomba alipiga tena mara nne. Chausiku aliitazama simu ikiita, akaiacha. Alikuwa amechoka kudanganywa, na uchungu aliokuwa nao ulimtosha.

Alasiri Halidi akawasili, wakaondoka. Walipofika kona ya mwisho chini ya nyumba, wanawake wakapaza vilio, kama inavyopasa watu wanapoingia msibani. Mjomba Stambuli akatoka mbio, mikono kichwani.

"Nyamazeni! Jamani nyamazeni, yupo ndani! Tangu asubuhi nawapigia, gari liko wapi?"

Kilio kikakatika. Chausiku alimtazama yule mzee, akatamani kumpiga, akatamani kujipiga mwenyewe. Akaingia ndani mbio.

Mama yake alikuwa ameegemezwa mito, midomo imekauka, kila pumzi akiivuta kwa kazi. Jicho likamwangukia binti yake, kisha wale wanawake waliojibanza mlangoni na kanga zao vichwani.

"Chausiku," akasema kwa taabu, "mbona mnalia? Kafa nani?"

Wakamnyanyua na godoro lake, wakamwingiza garini, na kabla hawajafika Mzinga akakata roho mapajani mwa Chausiku.