Kanzu ya Bwana Harusi na Mechi ya Jioni

Jumamosi, Bertrams, mtaa tunaoishi huku kusini, mbali na Tanga. Baridi kavu tangu asubuhi, jua lipo lakini halipashi.

Mwanangu alikuwa akisoma kwenye simu habari za Mskoti mmoja wa zamani sana, daktari, aliyechezea timu ya taifa ya mpira bila kulipwa. "Eish, mama, huyo si alikuwa mjinga?"

Nilimkumbuka baba yangu mdogo, fundi cherehani wa Tanga, aliyecheza mpira vivyo hivyo.

Nilikuwa mtoto, sijui kama nakumbuka sawasawa. Duka lake lilinuka makaa ya pasi. Mechi ilikaribia kuanza, na kanzu ya bwana harusi aliyekuwa anaoa jioni ile ilikuwa haijaisha. Wenzake wa timu walijaa mlangoni na jezi zao.

"Fundi, twende, bwana!"

"Mtu akaoe kifua wazi?" alijibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Nililia, nikidhani anawaogopa wapinzani. Basi golikipa akashika pasi, beki akashona vifungo, huku wakitaniana kwa matusi.

Filimbi ilipokaribia wenzake walitangulia; yeye aliingia uwanjani kipindi cha pili, kanzu imekwisha. Haki isemwe, tulifungwa, na bao letu moja halikuwa lake. Lakini alikimbia kama mtu aliyemaliza kazi yake. Siku hizi naelewa: cherehani ilimlisha, mpira aliupenda tu.

Nilimsimulia mwanangu jikoni. Hakutaja ujinga tena. Aliuliza babu alivaa jezi namba ngapi, lakini sikukumbuka. Tulikula wali na maharage ya nazi, naye akaendelea kuuliza, mdomo umejaa.