Tarakimu ya Mwisho kwenye Mtutu

Bunduki ya hewa ya baba ilikuwa imeshika kutu hadi kwenye kifyatulio. Nyumba yake ya Kendu Bay iko karibu na ziwa, na chuma kisichopakwa mafuta huko hakikai msimu mmoja. Baba huitumia kufukuza ndege kwenye mtama. Ilibaki wiki moja aipeleke kituo cha polisi cha Homa Bay ikaguliwe, cheti chake kipate kuhuishwa, nami nikajitolea kuisafisha.

Nilifanya kazi kwa utaratibu. Nilitandika shuka kuukuu, nikafungua skrubu moja moja, kila moja nikaiweka kwenye kifuniko chake cha soda. Mtutu niliupiga msasa mpaka ukawa laini, kisha nikaupaka dawa ya kuutia weusi. Kifyatulio nilikisugua kikang'aa kama kijiko kipya.

Baba alivaa miwani, akaigeuza bunduki mara mbili.

"Mama," akasema. Nina jina la mama yake, ndiyo maana huniita hivyo. "Namba iko wapi?"

Nilikuwa nimeikwangua mtutuni pamoja na kutu.

Bunduki isiyo na namba, hata ya hewa, ingechukuliwa pale pale kaunta, na baba katika umri wake angekwenda kujieleza mbele ya hakimu. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Nafukuza ndege shambani, kumbe nimefuga mkubwa kuliko wote."

Kesho yake tulikwenda Migori kwa fundi Mkuria anayetengeneza vyuma vya vinu vya kusaga. Baba alikuja pia. Hakukubali bunduki iondoke bila yeye. Nilimpa fundi karatasi niliyonakilia tarakimu saba kutoka kwenye cheti, nikamwomba azigonge upya. Mihuri yake ya chuma ilikuwa palepale mezani.

Aliirudisha karatasi. "Dada, nikiigonga mimi, tumekuwa wezi wawili."

"Lakini ndiyo namba yenyewe."

"Wewe unajua. Polisi atajuaje?"

Nilianza kukusanya vitu vyangu. Akanizuia kwa mkono. Kiwandani, alieleza, namba hugongwa kwa nguvu, na chuma kilicho chini yake hubanwa. Msasa wangu ulikuwa umetoa ngozi tu. Aliondoa weusi wangu wote, akasugua mahali pale, akapitisha dawa yake kwa pamba. Hapakutokea kitu. Akarudia. Baba aliacha kutafuna njugu. Mara ya tatu alama za kijivu zikaanza kujitokeza, hafifu, kama nyayo kwenye sakafu inayokauka. Saba. Ya mwisho haikusomeka vizuri.

"Hapo basi," fundi akasema akipaka mafuta. "Nenda ukaseme ukweli."

Kituoni tulipokewa na afisa mwanamke. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kuanzia shuka hadi pamba. Aliweka cheti upande wake wa meza, akawasha tochi ya simu.

"Mzee, unaijua namba yako kwa kichwa?"

"Kuliko ya simu."

"Taja."

Baba alitaja, afisa akafuata kwa ukucha juu ya mtutu. Nne, ndiyo. Moja, ndiyo. Sita zilipita hivyo.

"Nane," baba akamalizia.

Afisa alisogeza tochi karibu. "Mimi naona tatu."

"Ni nane."

"Mzee, naona tatu."

Aliinuka, akaenda dirishani, akaulaza mtutu kwenye mwanga. Nilihesabu misumari ya ubao wa matangazo, nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

"Upande wa kushoto umefifia," akasema hatimaye. "Lakini upo. Ni nane."

Nilikaa bila kuambiwa. Aliandika maelezo kwenye faili, akamwita mtunza silaha wao aigonge namba ile ile kando ya ile ya zamani, akapiga muhuri kwenye cheti.

"Na wewe mzee, nani alikwambia umpe binti yako msasa?"

"Dada zake walikuwa na akili, wakaolewa mbali."

Alicheka afisa, akacheka mtunza silaha, nikacheka mimi kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe.

Nje nilinyoosha mkono niipokee bunduki. Baba aliihamishia bega la pili.

"Mama, wewe beba cheti," akasema. "Na usikisugue."