Wanataka niseme kikata-sigara cha nyanya kilikuwa cha babu

Admin, jina langu liweke kando, ila maneno mengine yaache yalivyo hata kama ni makali. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nashona nguo hapa Voi, nina binti mmoja. Ndoa ilinishinda nikarudi kwetu Werugha, huko milimani, na nyanya yangu akanimegea kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake. Nimeanza kujenga hapo. Shikeni hilo la shamba, maana ndilo wanalonitishia nalo.

Zamani nyanya alikuwa akifua nguo kwenye loji moja mbugani, na babu alikuwa dereva hapo hapo. Wakaja Wazungu kutengeneza filamu, na kati yao mwigizaji mmoja aliyejulikana dunia nzima, mtu wa kuvuta siga, zile sigara nene za matajiri. Siga hukatwa ncha kabla ya kuwashwa, na yeye alikuwa na kikata chake: kipande cha chuma cha kuenea kiganjani, tundu katikati na wembe unaoteleza. Siku moja mke wa mpishi akashikwa na uchungu kwenye nyumba za wafanyakazi. Hospitali mbali, wembe hakuna. Nyanya akakichukua kile kikata mezani kwa mwigizaji, akakichemsha, akakata kitovu cha mtoto. Alipokwenda kukirudisha na kuomba radhi, yule mtu alicheka, akamwambia abaki nacho. Mtoto akapewa jina la mwigizaji, na mpaka leo yuko Mraru, anauza matikiti kando ya barabara.

Nyanya aliporudi milimani akawa mkunga, na kikata kikawa chombo chake cha kazi. Nilipojifungua binti yangu alinikabidhi mimi, akasema siku hizi watu wanazalia hospitali, kaa nacho wewe.

Mwaka huu, nikiwa Werugha, kaka yangu mkubwa akaleta mnunuzi kutoka Nairobi, mtu wa kutafuta vitu vya watu mashuhuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikapika chai. Akatoa kioo cha kukuzia, akatoa na picha ya zamani ya yule mwigizaji ameshika kikata, akalinganisha pembe iliyovunjika na ile ya kwenye picha. Zikafanana. Lakini akasema picha peke yake haitoshi, kwa sababu vikata vya aina hiyo vilitengenezwa vingi.

"Madam, kitu kama hii bila stori ni chuma tu," akaniambia. "Nikipata mtu wa familia aseme kwa video vile ilitoka kwa mkono wa staa ikakuja kwenu, bei inapanda."

Nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia nyinyi. Nilipofika kwenye kitovu, uso wake ukabadilika. Akasema wateja wake hawataki mambo ya damu, wanataka kitu kilichotunzwa. Kaka yangu akarukia hapo hapo.

"Basi sema babu alikuwa rafiki ya huyo staa, akapewa zawadi, ikakaa kwa sanduku. Babu alishakufa, nani atauliza?"

Nilikataa mbele ya mgeni. Kaka akanivuta nje.

"Wewe ulirudi hapa na mtoto, tukakupokea. Ukiniharibia hii, hiyo nyumba utamalizia kwa shamba ya nani?"

Iliniuma, na bado inaniuma. Nililia njia nzima kurudi Voi, lakini msinihurumie, yalikuwa machozi ya hasira. Nyanya yuko hai na akili zake timamu, halafu wanataka kumfuta kwenye jambo lake mwenyewe. Na uongo wenyewe ni wa kijinga. Ukiuondoa ule uzazi, hakuna sababu yoyote ya kile kikata kubaki kwetu. Ushahidi anaoutafuta kwa kioo unauza matikiti Mraru, na ukiitwa unaitika.

Nilimuuliza nyanya kama anataka kiuzwe. Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua macho.

"Huyo mtu alikatia sigara. Mimi nilikatia watu," akasema. "Wakikitaka, wakinunue na kazi yake."

Sasa kaka ameitisha kikao cha ukoo Jumapili hii. Wanataka ninyang'anywe kikata, na suala la shamba lizungumzwe. Nitaenda, na yule wa Mraru amekubali kuja na mimi. Video ya uongo sirekodi hata kama nyumba itabaki msingi. Wale wa kunishauri ninyamaze ili kuwe na amani, wapite tu, hao nimewasikia tangu nirudi kwetu.

Mimi nataka ushauri wa jambo moja. Kaka yangu naye alizaliwa mikononi mwa nyanya, na kitovu chake kilikatwa na hicho hicho anachotaka tuape hakijawahi kugusa damu. Nilitamke mimi mbele ya ukoo, au nimwachie nyanya amwambie mwenyewe?