Nilivyoupasua Mpira wa Lori la Mama

Nilichukua kisu cha jikoni nikaukata mpira mpya wa intakula, ule bomba la kupitishia upepo kwenda kwenye injini ya lori, nikiwa na akili zangu timamu.

Mama alinituma kuununua hapa Kibondo kwa sababu nilijisifu najua magari. Ule wa zamani ulipasuliwa na upepo wa tabo, kile kipuliza hewa cha injini, na maharage yalitakiwa sokoni Kasulu kesho yake.

“Huu una matabaka manne ya kitambaa, kijana, haupasuki,” alisema mwenye duka, akanipa na pipi.

Pipi ya nini? Nikamshuku.

Nyumbani nikaukata nihesabu. Manne kamili! Nikageuka, mama huyu hapa mlangoni.

“Vizuri, fundi,” akasema. “Kesho utakaa kwenye injini, ushikilie hapo ulipokata mpaka Kasulu.”