Mama Aliyemaliza Gemu Akabaki Kitini

"Mtu akishamaliza gemu, anarudia ya nini?"

Aliyeuliza ni kijana mmoja katika kibanda cha gemu pale Majengo, Jumamosi iliyopita. Macho yote yalikuwa kwenye televisheni, ambako mama mmoja wa Kibosho, aliyekwisha kuuza ndizi zake sokoni, alikuwa anacheza upya mchezo alioumaliza wiki iliyotangulia. Sheria ya kibanda ni kwamba aliyemaliza anapisha wengine.

"Shikamoo, mama. Sasa inuka," kijana akasema.

"Marahaba. Rozari nimeimaliza mara ngapi, na padri hajaninyang'anya?"

Watu wakacheka. Mwenye kibanda akatoa hukumu: akifa hata mara moja, anapisha. Mama akavua kandambili, akasogeza kiti mbele. Kila adui aliyechungulia alikuta anasubiriwa. "Njoo, mwanangu, nilijua uko hapo," mama akawa anamwambia. Alimaliza bila kufa, akainua mikono yote miwili, na kibanda kizima kikapiga makofi. Kisha akabonyeza kuanza tena.

Nilitoka na furaha, na hasira pia. Vijana hao hao hurudia mkanda wa mechi ambayo kila bao lake wanalijua, na hakuna anayewainua. Mara ya kwanza unacheza na hofu. Mara ya pili hofu inahamia kwa adui. Nani atakubali kuikosa raha hiyo?

Kijana, ukimkuta kitini, naomba usubiri zamu yako.