Picha ya Mkwe Kwenye Simu ya Generosa

Seth Chilongani ni fundi wa kuchomelea madirisha pale Area D, na cheche zake zinaruka juu kiasi kwamba siku moja jogoo wa mbali kule Kibakwe aliziona, akadhani kumekucha, akawika saa nane mchana na kujidhalilisha mbele ya kuku wake. Mtu wa namna hiyo, anayekunja nondo kama tambi, alishindwa na simu ya kupangusa iliyotoshea kiganjani.

Simu ilikuwa ya bintiye Generosa, wa darasa la awali, mwenye pumu. Dawa ya kupuliza anayo, lakini kifua kikibana vidole vinalegea, lazima mkubwa amshikie. Mama yake, Devota, anapika kwenye shule moja Mvumi na hurudi mwisho wa wiki. Bibi yake, Marselina, mama yake Devota, anakaa nyumba chache tu kutoka pale, ila anakaanga karanga barazani kutwa nzima na moshi wake unamkaba mtoto. Kwa hiyo mtoto akitoka shule hukaa kwao peke yake. Mwezi uliopita alibanwa, akaokolewa na mama muuza maji aliyepita kwa bahati tu. Tangu siku hiyo Seth hakulala vizuri.

Kitochi, simu ndogo ya vitufe, kisingefaa, maana Generosa hajui kusoma majina. Alitaka simu yenye sura: gusa sura, simu iite. Basi.

Hiyo "basi" haikuwepo. Simu yenyewe ya bei chee ilikuja na matangazo mengi kuliko kunguni wa kitanda cha gesti. Ukitaka kupiga, linatokea tangazo la mafuta ya nywele. Ukilifuta, unacheza kamari bila kujua. Mwanasha, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha kona, alimwonyesha namna ya kuzima programu moja moja, na namna ya kuunganisha simu ya mzazi na ya mtoto ili mzazi aitawale.

"Umeelewa, kaka Seth?"

"Nimeelewa."

Hakuelewa. Alipofika nyumbani alizishika kinyume, simu yake akaiandikisha kuwa ya mtoto. Saa mbili usiku, akiwa anaongea na mteja wa geti, simu ikajifunga na kumwandikia kwamba muda wake wa kulala umefika, akitaka kuendelea amwombe mzazi. Mzazi wake amezikwa Chamwino. Asubuhi alirudi kwa Mwanasha, na Mwanasha alicheka mpaka akaegemea meza.

Wiki nzima ilikwisha hivyo, anafunga hiki kinafunguka kile. Hatimaye kioo kikabaki kitupu, tayari kwa sura tatu. Ya kwanza akaweka yake. Ya pili ya Devota. Ya tatu, ndiyo hasa iliyotakiwa, ni ya bibi aliye karibu. Hapo Seth akakwama.

Kwa ukoo wao mkwe hatazamwi usoni. Mama yake Devota akija njiani, Seth huingia majanini na kumwamkia akiwa ameangalia pembeni. Ampigeje picha? Akaenda kuupiga picha mlango wa kijani wa nyumba ya mkwe, akauweka pale.

"Ukibanwa, unagusa nani?"

"Baba," alisema Generosa.

"Baba yuko mbali. Gusa bibi."

"Bibi hayumo."

"Si huyu hapa?"

"Huo mlango."

"Ndiyo, lakini ni bibi."

Generosa alimtazama kwa huruma. "Baba, mlango hauna masikio."

Ikabidi mtoto mwenyewe atumwe kumpiga bibi picha. Akarudi mikono mitupu, maana kamera baba yake alishaizima. Seth akaiwasha, huku meno yakisagana. Mtoto akarudi na kidevu, sikio, kikaango, na picha moja nzuri ya uso mzima.

Sasa picha hiyo lazima ikatwe na kubandikwa kwenye namba, na anayekata lazima aangalie. Seth alifikiri sana. Kisha akavaa miwani ya kuchomelea, ile nyeusi ya kuzuia moto, ndipo akaushika uso wa mkwe wake. Alipapasa gizani, akabonyeza alipodhani ni penyewe, akavua miwani akiwa na jasho, na sura ilipotokea kwenye kioo akaifunika kwa kiganja haraka.

Siku mbili baadaye, akiwa katikati ya kuchomelea geti, simu yake iliita. Upande wa pili hapakuwa na maneno, ila pumzi ya filimbi.

Alimpigia mkwe wake, ikaita mpaka ikakata. Alirukia bajaji na glovu mikononi, akashuka njia ya bajaji ilipokomea, kwenye baraza la karanga, na kumkazia macho mama yule.

"Mama, Generosa."

Marselina hakuuliza. Aliacha kikaango motoni akakimbia, na wanaosema bibi vizee hawakimbii hawakuwepo, maana vumbi lake lilifika Mvumi likamchafulia Devota mboga. Seth alipoingia nyumbani, mtoto alikuwa mapajani kwa bibi, dawa mdomoni, kifua kikishuka taratibu.

Pumzi ilipotulia, bibi akauliza, "Kwa nini amekupigia wewe wa mbali?"

"Nimemgusa bibi," Generosa alisema. "Akaja baba."

"Picha niliibandika kwenye namba yangu, mama," alisema Seth, akiongea na sakafu.

"Ulikosea vipi?"

"Alivaa miwani ya kuchomelea, bibi, asikuone."

Marselina akakaza kanga yake. "Nimekuwa msichana, nimeolewa, nimezeeka. Sijawahi kuambiwa nawaka kiasi hicho. Kaa hapa, Baba Generosa. Barazani umeshanitazama, na sijayeyuka. Rekebisha."

Alikaa. Alikosea namba ya siri mara mbili huku mkwe akimhemea begani, kisha akairekebisha. Generosa akagusa sura ya bibi. Wakasubiri. Mbali kule, nyumba kadhaa mbele, kitu kikaanza kuimba.

"Mama, simu yako iko wapi?"

"Kwenye chaji. Huwa siibebi, inanichoma kiuno."

Seth akafumba macho, akayafumbua. "Mama, nakuomba. Kuanzia leo tembea nayo."

Kwa mara ya kwanza tangu aoe alimwomba kitu uso kwa uso. Marselina akainuka. Alitoka, akapotelea barabarani, akakaa kitambo.

"Gusa tena," Seth alimwambia mtoto.

"Haloo," bibi alisema kutoka nje ya dirisha, akiwa ameifunga simu kwenye pindo la kanga na kuiinamia. "Nani mwenzangu?"