Loshoro ya Tambi

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi Kimandolu baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kwao ni magharibi ya Mlima Meru, na hakuwa akilala mjini ila kwa kulazimika. Mimi ni Mchaga. Kimaa, lugha ya kwao, kwangu kiliishia kwenye salamu, na Kiswahili chake alikitoa kidogo kidogo. Tuliheshimiana sana, lakini mazungumzo hayakuwepo.

Jumamosi moja mchana nilirudi kutoka kazini Usa River, nikamkuta jikoni, jicho moja bado limefunikwa bandeji, anaponda kitu sufuriani kwa mwiko wa ugali.

"Shikamoo, yeyo," nikamwamkia. Ndivyo wanavyomwita mama kwao.

"Marahaba. Kaa ule. Nimepika loshoro."

Loshoro naijua. Ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakalainika, kisha yakapondwa na kutiwa maziwa mgando. Lakini nyumbani hapakuwa na punje ya mahindi. Nikachungulia sufuria.

"Yeyo, hii loshoro ya nini?"

"Ya hizi nyuzi zenu."

Alikuwa amevunjavunja tambi, pakiti nzima, akazichemsha na ndizi mbichi mbili zilizokuwa zimebaki kapuni, akamimina mgando juu yake. Rangi yake ilikuwa ya chokaa iliyonyeshewa.

Mume wangu akaingia, akatazama, akasema yeye ameshakula mjini.

"Umekula nini?" mama yake akamuuliza.

"Chipsi, yeyo."

"Viazi vilivyokimbia maji," akasema, akamgeuzia mgongo. Mume wangu akaenda zake sebuleni kuwasha televisheni.

Nikabaki mimi. Akanipakulia bakuli hadi juu, akaketi mbele yangu, akaniangalia kwa lile jicho lake moja. Nikala kijiko cha kwanza. Kilikuwa kichachu na kinateleza, na kabla sijaamua kutafuna kilikuwa kimeshapita kooni.

"Nzuri?"

"Si mbaya, yeyo."

Ndipo naye akachota, akaonja. Akafumba mdomo, kisha akameza kama anameza kidonge.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana."

"Kumbe ulikuwa hujaonja?"

"Nilikuwa nangoja nione kama wewe utakufa."

Nikacheka mpaka mgando ukanipanda puani. Na yeye akaanza kucheka, huku ameshika bandeji isibanduke, maana daktari alimkataza kujikaza. Mume wangu akauliza kutoka sebuleni kuna nini. Tukazidi kucheka.

Tuliongeza chumvi, kisha kwa ushauri wake sukari, na kila tulichoongeza kiliiharibu zaidi. Hata hivyo tulikula, kwa sababu kwao chakula hakitupwi, na kwetu pia hakitupwi. Kati ya kijiko na kijiko aliniuliza mama yangu alikuwa akinipikia nini nilipokuwa mdogo. Nilimweleza kuhusu mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, na mifupa inayochemka tangu asubuhi. Akaniambia kwamba yeye alipoolewa, mama mkwe wake hakumwachia jiko mpaka alipojifungua mtoto wa kwanza.

"Wewe mbona umeniachia?" akauliza.

"Nilikuwa kazini, yeyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaona ni jibu la haki.

Alikaa nasi mpaka mvua za masika zilipokwisha, na jioni nyingi tulikaa jikoni tukiongea.